Shimo la Kilima Fedha

Bi Mwatum na Mzee Haroub walikuwa hawasemezani tangu harusi ya binti yake Bi Mwatum. Siku hiyo Mzee Haroub alitafuna pilau, akameza kwa taabu, kisha akasema mbele za watu kwamba mchele ungechambuliwa vizuri zaidi. Basi. Kuanzia hapo, kila walipokuwa na haja ya kuambiana jambo walimtuma Sheha Matano, na Sheha, mkuu wao wa kijiji na mtu mpole, akawa anayabeba maneno yao kama mtu aliyebeba mayai, akiyapunguza makali njiani.

Baina ya mashamba yao palikuwa na kichaka kilichoitwa Kilima Fedha, na ndani ya kichaka mlikuwa na shimo. Ilisemwa kwamba watu wa zamani walichimba humo fedha na shaba, kisha wakaacha ghafla. Watoto walikatazwa kulikaribia, wakakua, wakawakataza watoto wao, na shimo likabaki kuwa la popo.

Ndipo akaja Ruweida, mtaalamu wa miamba kutoka Unguja, mwanamke kijana mwenye viatu vizito na adabu nyingi. Aliketi na wanakijiji barazani kwa Sheha, akaeleza kwamba shaba siku hizi inatafutwa dunia nzima kwa ajili ya nyaya na magari ya umeme, na kampuni yake inataka kulitazama upya chimbo lile la kale.

"Shimo lenyewe limo katika shamba la nani?" akauliza.

"Langu," akasema Mzee Haroub.

"Langu," akasema Bi Mwatum papo hapo. Kisha akamgeukia Sheha. "Mwambie bwana huyo kwamba marehemu baba yangu alikuwa akifunga mbuzi pale, yeye hata kufunga kikoi hajajua."

Mzee Haroub alikuwa ameketi ubavuni pa Bi Mwatum, viwiko vinakaribia kugusana. "Mwambie na yeye," akasema, "kufunga mbuzi si kumiliki shimo."

Ruweida akamtazama Sheha. Sheha akatazama kikombe chake cha kahawa.

"Nimeuliza," Ruweida akaendelea, "kwa sababu mwenye shimo itabidi aturuhusu tupitishe mtambo wa kuchoronga miamba katikati ya mikarafuu yake. Na kabla ya hapo kinyesi cha popo kizolewe."

Mzee Haroub akakohoa. "Nikifikiri vizuri," akasema, "marehemu baba yake kweli alikuwa akifunga mbuzi pale."

"Mbuzi wenyewe walikuwa wa kuazima," akajibu Bi Mwatum, akimwambia Sheha.

Sheha akaweka kikombe chini. Akasema shimo ni lao wote wawili mpaka itakapojulikana vyengine, na Jumamosi asubuhi awaone wote pale.

Jumamosi wakafika, kila mmoja kwa njia yake. Ruweida akavaa kofia ngumu, akateremka kwa ngazi ya kamba, akarudi na kijiwe chenye rangi ya kijani. "Hii ni kutu ya shaba," akasema. Mzee Haroub alipokiona kijiwe kile alikumbuka tena kwamba shimo ni lake. Akataka naye ashuke, alione kwa macho yake. Ruweida alimsihi, akashindwa, akamvisha kofia na kumfunga kamba kiunoni.

Akashuka. Popo wakatoka kundi zima. Ruweida akainamia shimo.

"Mzee, uko salama?"

"Salama. Napumzika."

Pumziko likawa refu. Alipoitwa tena alisema waendelee na kazi zao. Bi Mwatum, aliyekuwa ameegemea mkarafuu, aliijua sauti ile. Ndiyo aliyoitumia Haroub chuoni utotoni, sura ya Kurani ilipompotea akasingizia koo linamuuma. Mtu huyu ameogopa. Kicheko kilimjia, kisa kama hiki angekisimulia mwaka mzima. Lakini sauti ilikuwa nyembamba mno, ikamvuta hadi ukingoni.

"Haroub," akaita, na safari hii hakumtuma Sheha. "Miguu imekataa?"

"Miguu mizima. Ngazi ndiyo inayocheza."

"Ngazi za kamba ndivyo zilivyo. Nitazame mie, usitazame chini."

"Naona pua tu."

"Basi itazame pua. Panda kipandio kimoja."

Akapanda kimoja.

"Haya, niambie kweli. Ile pilau ilikuwa na mchanga au ulinisingizia?"

"Bi Mwatum, hapa ndipo pa kuulizana hayo?"

"Ndipo. Huna pa kukimbilia."

Akapanda chengine, akihema. "Palikuwa na kijiwe. Kilinivunja jino."

Bi Mwatum akakaa kitako pale ukingoni. "Jino zima?"

"Kipande. Nikakimeza, watu wasione."

Miaka yote ile alikuwa akimchukia mtu aliyemeza jino lake kwa heshima ya harusi. Hakujua acheke au aombe radhi, akafanya yote mawili kwa pamoja, na alipokuwa bado anafuta machozi kofia ngumu ikachomoza mbele yake, imejaa kinyesi cha popo, na chini ya kofia mzee amefungua kinywa amwonyeshe pengo.

Mtambo uliletwa, ukapitishwa mpakani, mahali walipopachagua wenyewe wawili baada ya kubishana asubuhi nzima. Majibu yakatoka: shaba imo, lakini nyembamba kama uzi, fedha ni dalili tu. Kampuni ikafunga mdomo wa shimo kwa wavu wa chuma wenye nafasi za popo kupita, ikaondoka. Ruweida alikuja kuaga akiwa mnyonge, kama kwamba yeye ndiye aliyeificha fedha. Bi Mwatum akamfungia mikate ya kula njiani, akamwambia aje na mama yake siku nyengine, bila mtambo.

Msimu wa karafuu ulipoingia, mchana mmoja wingu lilitanda ghafla juu ya Kilima Fedha. "Mwatum, mvua hiyo," Haroub akaita kutoka kwake, akavuka mpaka mbio. Wakaanua majamvi ya karafuu za Bi Mwatum kwanza kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa mengi, na walipofika kwa Haroub nusu ya karafuu zake zilikwisha rowa. Alilalamika mpaka magharibi. Bi Mwatum, akipepeta zile zilizonusurika, alimjibu kila neno.