Kiwiko cha Uzi wa Kijani

Mama fundi hakumpenda yule mwanamke, wala hakuficha. Kila mwaka, watu wa mtaa wanapokusanyika kwenye stesheni ya zamani kuwakumbuka waliokufa garimoshi lilipoanguka, mwanamke yule huja peke yake, hutoa salamu ya haraka, basi. Halafu jukwaa lote refu lile halimtoshi; taa yake lazima aiweke ubavuni mwa taa ya mama fundi. Kisha husimama hapo akimtazama. Jamani, anatafuta nini?

Utaratibu wao ulikuwa huu: aliyemzika mtu wake huwasha taa ya chemli na kuiweka ukingoni mwa jukwaa. Ambaye wake hakupatikana huleta taa pia, ila haiwashi. Ya mwanamke yule haikuwashwa kamwe. Kwa hilo mama fundi alimhurumia, hakuwa na roho ya jiwe. Yeye angalau alikuwa na kaburi. Alilifagia kila wiki, akang'oa majani, akamsimulia mwanawe habari za cherehani na wateja wasumbufu. Bila kaburi lile angeshapata wazimu, na alisema hivyo waziwazi.

"Huyo ni mkwe wako," wifi yake alimnong'oneza, huku akifuta kioo cha taa kwa upindo wa gauni. "Mwanao alikuwa na binti yake. Ngoja tu, mwaka huu atakuletea mjukuu."

"Nyamaza wewe!"

Lakini neno lilimchoma, kwa sababu mwenyewe alishaliwaza. Siku ya kutambua maiti, uso haukutazamika. Alimtambua mwanawe kwa koti la kaki alilomshonea kwa mikono yake. Na kwenye kiwiko cha koti kulikuwa na kiraka asichokijua, kimeshonwa kwa uzi wa kijani, mishono imekwenda upogo. Mtoto wa fundi, koti lake kushonwa kwingine! Nani huyo aliyekuwa akimshonea mwanawe? Tangu hapo, kila kumbukumbu, aliwasimulia watu habari za kiraka kile, nusu akilia, nusu akicheka. "Aliyekishona alifumba macho, naapa!" Watu nao hucheka, maana siku kama hiyo kicheko ni cha kutafuta.

Mwaka huu alisimulia tena, wakacheka tena. Mwanamke yule hakucheka. Aliitazama mikono yake.

Hapo mama fundi uvumilivu ukamwishia. Akamfuata hadi kwenye dirisha la tiketi lililozibwa kwa mbao, mkono kiunoni.

"Mama mwenzangu, leo tuambiane. Una nini na mwanangu? Kama kuna mtoto, sema. Kama kuna unachodai, sema. Usinizungukezunguke mwaka nenda mwaka rudi."

"Sina mtoto wa kukuletea, dada."

"Basi nini?"

"Mimi si fundi. Macho yangu mabovu, na siku ile uzi wa rangi nyingine ulikuwa umeniishia."

"Kwa hiyo ni wewe uliyekuwa ukimshonea mwanangu?"

"Nilimshonea wangu. Walifanya kazi gereji moja, na garimoshi walipanda pamoja. Wako alimkuta wangu anatetemeka kwa baridi, akavua koti akampa, akakataa kurudishiwa. Alisema, mama yangu fundi, atanishonea jingine."

Ilikuwa sauti ya mwanawe hasa, na majivuno yake yale yale. "Mwongo!" mama fundi alifoka. "Labda alimrudishia. Labda asubuhi ile—"

"Asubuhi ile nilimfunga vifungo mwenyewe. Kile cha pili kutoka juu kilikuwa kinasumbua."

Tundu la kifungo cha pili lilikuwa dogo. Mama fundi alilikata vibaya, akaona haya, hakumwambia mtu.

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Nilikusikia unasimulia uzi wa kijani, nikajua wangu yuko wapi. Nikataka kusema. Kisha nikakuona unavyolifagia lile kaburi, unavyoongea naye." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nikasema, anatunzwa. Nitakunyang'anyaje?"

Mama fundi alirudi jukwaani. Angeweza kukaa kimya, nani angejua? Mwanamke yule asingesema kwa mwingine, hilo lilikuwa wazi. Wifi alikuwa tayari anamsogezea mkeka.

Alipiga magoti. Alifungua taa isiyowashwa ya mwanamke yule, akawasha njiti ya karatasi kwa moto wa taa yake mwenyewe, akaushikisha utambi wa ile nyingine mpaka ukakolea. Kisha akainama, akapuliza ya kwake.

"Wifi! Umezima ya mtoto!"

"Najua," alisema mama fundi, na akabaki ameikumbatia, kioo chake kingali cha moto.