Sauti Nzito ya Peris

Nangila alikuwa akisukwa nywele katika saluni ya Linah, pale Matisi mjini Kitale, Linah alipotia kaseti ya muziki wa bluzi kwenye redio. Wanawake weusi wa Marekani, wa zamani. Lo! Sauti nzito, zenye mikwaruzo, zinazotoka tumboni. Wale hawakuwa wakimbembeleza mtu, walikuwa wakidai.

"Ni nani hawa?"

"Si ni waimbaji tu. Huko kwao watu walikuwa wanajaa ukumbi, bana."

Nangila akaangua kilio, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama wima. Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya Peris, mama yake, kule Malakisi. Kwa sababu ya sauti hiyo hiyo alifukuzwa kwaya ya kanisa. Mwalimu wa kwaya, mwenyewe mwenye sauti ya kifaranga, alimwambia mbele ya kanisa zima ati anaimba kama dume. Peris akaacha kuimba, akaenda kuchochea moto kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku, na huko ndiko alikozeekea.

Basi Nangila akawa na haja moja tu: mama aimbe tena, hata wimbo mmoja, aurekodi, ubaki. Kweli, kwenye simu ya jirani mama alikuwa akinong'ona, lakini alisema ni homa, na mtu huamini analolipenda. Akaazima redio ya Linah, akanunua kaseti tupu, akashika njia ya Bungoma kwenda Malakisi.

Alimkuta mama jikoni. "Mayi, kaa usikize."

Peris alisikiliza amefumba macho. Mwanamke wa kwenye kaseti alipopaza sauti, Peris akashika ukingo wa meza.

"Huyu anaimba kama mimi," alinong'ona.

"Ndiyo, Mayi! Na walimpigia makofi! Hukuwa na kasoro, yule mwalimu alikuwa mjinga tu!" Akatia kaseti tupu, akabonyeza pa kurekodi. "Imba. Wowote ule."

Peris akavuta pumzi, akafungua mdomo. Kikatoka kikohozi, kisha hewa kavu, kisha hakuna kitu. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imemtoka. Moshi wa tumbaku ulikuwa umekula koo lote, na daktari wa Bungoma alikuwa amekwisha kumwambia sauti haitarudi. Hakutaka mwanawe ajue.

"Polepole, Mayi."

"Zima ledio."

Nangila akazima.

"Mimi nilikuwa nimezoea," mama akasema, na ilibidi Nangila amsogelee ndipo amsikie. "Nilijua Mungu alininyima sauti. Ilipokwisha sikulia, maana sikupoteza kitu. Sasa umekuja kunionyesha nilichokuwa nacho."

Nangila akapiga magoti, akamshika mama mkono, akaomba msamaha. Peris akauchomoa mkono wake taratibu, bila hasira.

"Rudi nayo Kitale. Usiniletee tena."

Akageukia ukuta. Nangila alijua mama analia kwa sababu mabega yalitikisika; kilio chenyewe hakikusikika.