Ngurumo na Kopo Hawasemezani

Nikutegee, wewe uliyekunja miguu hapo: yuko mmoja, tangu azaliwe amesimama tu, hakai wala halali. Siku atakayolala, analala mara moja, na hapo ndipo anaanza kazi. Ni nani huyo?

Usiniambie punda. Punda analala kila siku, na akilala hakuna kazi. Usiniambie mlinzi, huyo ndiye bingwa wa kulala. Umeshindwa? Basi nipe mji, tena nipe wenye maji ya bomba. Haya, nimekwenda, nimepokewa, nimeoga, nimerudi. Jibu ni mti wa mbao. Akishalala ndipo anakuwa mlango, kitanda, dawati la shule, na hata kile kiti ulichokiacha ukaja kukaa mkekani kwangu.

Sisi miti ndiyo imetulisha. Mume wangu alikuwa na kikampuni cha kazi za msituni. Wenye mashamba ya miti wakitaka kupanda, kupogoa au kukata, wanampa mkataba, naye anaingia na watu wake sita. Goti lilipomkataa, alimwachia kitinda mimba wetu, binti. Ndugu zangu wakaja na midomo yao: "Msichana ataongoza wanaume sita wenye ndevu?" Mume wangu akawaambia, "Wenye ndevu ndio wanaohitaji kuongozwa zaidi. Wasio na ndevu bado wanasikia."

Kati ya hao sita, wawili ndio uti wa mgongo. Wa kwanza ni Ngurumo, mtu wa msumeno wa mota, jitu la mikono minene na roho ya kitoto. Wa pili ni Kopo, mwembamba, mtaratibu, haachani na kopo lake la rangi nyekundu. Wanne waliobaki ni dereva wa trekta, ambaye mdomo wake haujawahi kuzimwa, na wenzake watatu wa kukata matawi na kuvuta magogo.

Mwaka huo walikuwa wanapunguza miti. Miti michanga hupandwa ikibanana kama watoto kwenye kitanda kimoja. Ikifika umri, unaitoa mibovu na iliyopinda ili mizuri ipate kunenepa. Kopo anatangulia, anauzunguka mti, anautazama juu mpaka kofia inamwanguka. Akiona wa kwenda, anaupaka pete nyekundu. Ngurumo anafuata. Lakini hawashi mashine hivi hivi. Anaweka kiganja kwenye shina na kuuliza kwa sauti: "Huyu alale wapi?" Kopo, aliyekwisha kuona mti umeegemea upande gani na tawi kavu liko wapi, anakwenda kusimama pembeni, ananyoosha mkono na kujibu: "Alale huku!" Bila jibu, Ngurumo havuti kamba ya kuwashia msumeno. Mume wangu ndiye aliyeweka sheria hiyo, siku mti ulipoilalia baiskeli yake ikabaki bapa kama bahasha. Miaka kumi na moja watu hawa wawili waliulizana na kujibizana, na hakuna hata sufuria iliyoguswa tena.

Basi binti yangu alikuwa na mwezi wa tatu kwenye ubosi wake, ikaja Jumatatu moja, Ngurumo na Kopo hawasemezani.

Nilikwenda na birika saa nne, kama kawaida yangu, nikakuta msitu kimya. Ngurumo ameweka kiganja kwenye mti, midomo ameifunga. Kopo anatazama mawingu. Wale wengine wamekaa juu ya magogo kama wako msibani.

"Kuna nini?" nikamuuliza dereva.

"Bibi, hata mimi sijui, na mimi ndiye huwa najua. Ijumaa waliingia nyuma ya trekta wakiongea, wakatoka wamenuniana."

Binti yangu akamuuliza Ngurumo. "Hakuna kitu, bosi." Akamuuliza Kopo. "Hakuna kitu, bosi." Siku hiyo kitu hicho kisichokuwepo kiliwafanya wakate miti tisa badala ya arobaini.

Mimi nikasema niachieni, nimelea watoto wanne. Kesho yake nikapeleka birika na kikombe kimoja tu. "Vingine vimevunjika, wanangu. Nyinyi wawili mtashirikiana hiki." Nilijua mtu hawezi kupokea kikombe mkononi mwa mwenzake bila kusema neno. Ngurumo akachukua mfuniko wa birika, akanywea humo. Kopo akaenda mtoni, akasugua kopo la rangi lililoisha, akarudi, akaninyooshea nimmiminie. Alikunywa mpaka mwisho, midomo ikabaki na wekundu wa bibi harusi. Kikombe changu kikarudi nyumbani kikavu.

Binti yangu naye ana akili zake. "Kama hamtaki kusema," akawaambia, "basi msiseme. Kopo, ukishapaka pete, chora na mshale wa kuonyesha mti ulale wapi. Ngurumo, fuata mshale."

Mshale ukafanya kazi. Siku ya kwanza miti thelathini na miwili, na binti yangu akaja nyumbani anaimba. Siku ya pili, chini ya mshale mmoja, Kopo akaongeza maneno kidogo: KULIA. KULIA NI MKONO WA KULIA CHAKULA, KAMA UMESAHAU.

Ngurumo aliusoma mti huo polepole, akaulaza kulia, akaokota kipande cha mkaa na kuandika kwenye gogo: NIMEONA. MIMI SI KIPOFU KAMA MTU FULANI ALIYEPAKA MTI MZIMA AKAACHA MGONJWA.

Mti uliofuata ukajibu. Uliofuata huo ukajibu jibu. Na magogo, kama ujuavyo, hayakai msituni. Yanapakiwa, yanakwenda kiwanda cha mbao. Kule kiwandani watu wakaanza kuyapanga kwa mfuatano ili wayasome vizuri. Dereva akirudi na trekta tupu anasema, "Wanauliza, lile la 'wewe na msumeno wako mna akili moja' lilijibiwaje? Wanasema leo tupakie majibu kwanza." Wapasuaji wa mbao waligawanyika makundi mawili, wengine wako upande wa Kopo, wengine wa Ngurumo. Nasikia gogo moja walikataa kulipasua mpaka mwenzake afike.

Nami nilicheka, nisikudanganye. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini kicheko kilikatika wiki ya pili, mkaguzi alipopiga simu. Huyo ndiye mtu wa mwenye shamba, mtu wa miwani na daftari, asiyetabasamu ila akiona mstari ulionyooka.

"Bosi mdogo," akamwambia binti yangu, "nimeonyeshwa gogo limeandikwa 'jitu zima ovyo'. Nilidhani nimetukanwa mimi. Alhamisi asubuhi nakuja. Nataka kuona miti inaangushwa na watu wanaoelewana, kwa sababu wasioelewana wanauana. Nikikuta miti yangu inaandikiana barua, kipande cha pili cha shamba nampa mwingine."

Kipande cha pili kilikuwa kazi ya mwaka mzima. Bila hicho, hapana kikampuni. Binti yangu angewarudisha nyumbani watu sita ambao baba yake aliwaweka pamoja tangu yeye anang'oka meno ya utoto. Hakula siku hiyo. Alikaa anachora pete kwa kidole juu ya meza.

Jumatano jioni akawaita wote mbele ya kontena, pale wanapoweka vifaa. Ndani ya kontena kuna harufu ya petroli na unga wa mbao, na ukutani kuna misumari saba. Jioni kila mtu anatundika kofia yake ngumu hapo. Sita ni za manjano, moja nyeupe ya bosi.

"Nyinyi mmenifundisha kazi hii," akasema. "Miti miwili ikibanana mpaka yote inadhoofika, tunafanyaje?"

Dereva akadakia, "Tunatoa mmoja."

"Tunatoa mmoja. Na anayejua wa kutolewa ni yule anayesimama karibu nao. Basi mimi sitachagua. Kopo, ingia, chukua rangi, ipake pete kofia ya yule anayebana wenzake. Ukitoka, aingie Ngurumo. Kesho asubuhi mwenye pete anakwenda zake, wala sitauliza neno."

Nilitaka kusema, "Mwanangu, hapo sasa unacheza na moto." Nikaukanyaga ulimi wangu.

Kopo akaingia. Alikaa ndani muda wa kupaka ukuta mzima. Akatoka, akashika njia ya nyumbani bila kuaga. Ngurumo akaingia, na mara tukasikia kitu kama kikohozi, au kicheko kilichozibwa na kiganja. Akatoka macho chini, naye akaenda. Binti yangu akafunga kufuli bila kuchungulia.

Alhamisi tulifika na umande. Wote sita wakasimama mstari. Kufuli likafunguliwa, mlango ukalia, tukaingiza vichwa.

Kofia ya Ngurumo ilikuwa ya manjano safi. Ya Kopo, ya manjano safi. Zile nne, safi. Lakini ile nyeupe ilikuwa na pete mbili nyekundu, moja imenyooka kama imechorwa na mashine, nyingine imepindapinda kama njia ya jogoo aliyelewa.

Dereva wa trekta akazihesabu kwa kidole, akarudia tena kuzihesabu.

Binti yangu akaitungua kofia yake, akaigeuza, akaigeuza tena. Akawatazama wale wawili. "Mimi?" akasema. "Kwa nini mimi?"

Kopo akatazama mawingu. Ngurumo akajikuna shingo. Na hapo hapo tukasikia pikipiki ya mkaguzi inapanda kilima.

Rangi ile ni ya mafuta, haitoki kwa mate. Nilijaribu na ncha ya kanga yangu, nikaiharibu kanga. Na bila kofia ngumu hakuna anayeruhusiwa kuingia msituni, hata bosi. Binti yangu akaivaa na pete zake mbili, akajikaza shingo, akaenda kumpokea mgeni.

Mkaguzi akaikagua kofia ile tangu pete ya juu mpaka pete ya chini. "Bosi," akasema, "na wewe unakatwa?"

"Tutaona," akajibu. "Karibu."

Tukaingia shambani. Kopo akatangulia, akauzunguka mti mmoja mrefu ulioinamia upande wa njia, akautazama juu, kofia ikamwanguka, akaiokota. Akapaka pete. Mshale hakuchora. Binti yangu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na mimi birika lilikuwa linanichoma paja nisijue.

Ngurumo akaweka kiganja kwenye shina. Akavuta pumzi.

"Huyu alale wapi?"

Kopo alitembea taratibu mpaka pembeni ya uwazi, akageuka, akanyoosha mkono wake mwembamba. "Alale huku! Angalia tawi la kushoto, limekufa!"

"Nimeliona, bwana wewe!"

"Ukiliona useme!"

"Si ndiyo nasema!"

Msumeno ukanguruma. Mti ukatikisika, ukafikiri, kisha ukalala pale pale palipoonyeshwa, majani yake ya mwisho yakipepea hatua tatu kutoka vidole vya Kopo. Kopo hakurudi nyuma hata nusu hatua. Mkaguzi alisimama anautazama ule mstari ulivyonyooka, na nakwambia alitabasamu, meno yote. Wakaangusha miti sita mbele yake. Hakuna uliokuwa na herufi hata moja.

"Kipande cha pili ni chenu," akasema anafunga daftari. "Barua nitaileta Jumatatu. Kule kiwandani watasikitika, lakini watazoea." Akapanda pikipiki yake akashuka kilima.

Wale wanne wakapiga mayowe. Nikamimina chai, safari hii nimeleta vikombe vyote. Binti yangu hakupokea chake. Alivua kofia, akaiweka juu ya kisiki, pete mbili zikiwatazama wenyewe.

"Mmeniokoa, asanteni," akasema. "Sasa nijibuni. Nimewauliza asubuhi, kwa nini mimi?"

Ngurumo akamsukuma mwenzake kwa kiwiko. "Sema wewe. Wewe ndiye ulianza kupaka. Mimi nilikuta nimeshapigiwa mstari, nikafuata."

Kopo akaweka kikombe chini, akajifuta midomo.

"Bosi, wewe ulinivuta pembeni ya trekta, ukaniambia mimi ndiye mkono wako wa kulia, bila mimi kampuni imekufa, ila nisimwambie mtu. Nikakaa nalo, nikanenepa nalo. Ijumaa ile huyu akawa ananiamuru amuru, nikamwambia, unajua mimi ni nani hapa? Akasema, mimi ndiye mkono wa kulia wa bosi, kaniambia mwenyewe. Nikamwita mwongo. Akaniita mwongo. Na siri ulitupa tuitunze, tungekwambia nini ulipotuuliza?"

Binti yangu akageuza kichwa polepole, akanitazama mimi. Maana lile la kumsifu kila mmoja kando na kumpa siri, aliliokota wapi? Nilivyowalea wanangu wanne, kila mmoja anajua kwamba yeye ndiye kipenzi changu. Nikafunua birika, nikachungulia kama majani yameiva.

"Endelea," akamwambia Kopo.

"Basi jana niko na brashi mkononi, nimeiinua juu ya kofia ya huyu. Nikasema ngoja. Miaka kumi na moja namwonyesha mahali pa kulaza mti, nami nimesimama hapo hapo, na hajawahi kunidanganya hata kwa hatua moja. Mtu huyu si mwongo. Mimi najijua, si mwongo. Nikahesabu tuliokuwemo kwenye maneno yale, bosi, nikakuta amebaki mmoja tu."