Ardhi Imelainika

Kando ya mto Saint-Laurent, Aprili 1668

Leo tumemzika mama. Alifariki Januari, ardhi ikiwa imeganda hata shoka haliingii, basi baba akamviringisha kwa shuka lake la harusi, akamlaza kwenye dari ya zizi letu la mbao, juu ya majani makavu. Kila asubuhi nilikamua ng'ombe chini yake. Siku za mwanzo nilikuwa namsalimu. Baadaye nikawa nakamua tu.

Kaburini, jirani yetu Mama Gillette alinifinya mkono. "Lia basi, Toussainte! Watu watasema huna moyo."

"Nimejaribu, Mama Gillette. Machozi hayaji."

"Mwache mtoto," baba akasema. "Hata mimi yamenikauka."

Padri alisoma haraka haraka kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. Mdogo wangu Perrine akaniuliza kama mama ataona baridi kule chini. Nikamwambia hapana, kuna joto kuliko zizini. Akaridhika.

Tuliporudi nilipika supu ya njegere. Perrine alikula mabakuli mawili, baba akaomba chumvi. Nami nikala. Ilikuwa tamu, nikashangaa kuona ni tamu.