Bundi Hasemi

1.

TANGAZO KWA WANACHAMA WOTE

Uongozi wa klabu ya Chapakazi ya Mwabaga unapenda kuwatangazia wanachama, wapenzi na mashabiki wake kwamba, kufuatia mkataba na mdhamini wetu mpya, kampuni ya magodoro ya Lala Unono, nembo hai ya klabu yetu kuanzia msimu huu itakuwa Bundi.

Bundi atakuwapo uwanjani katika mechi zote, nyumbani na ugenini. Mashabiki wanaombwa kumpokea kwa furaha.

Mashabiki wanaombwa pia kutomrushia mawe.


2.

Jukwaani, upande wa jua:

— Bundi?

— Bundi.

— Huyuhuyu bundi?

— Kwani kuna mwingine?

— Nani kawashauri hawa watu?

— Wadhamini. Eti huko kwao bundi ni ndege wa hekima.

— Huko kwao. Huku kwetu akitua juu ya paa, majirani wanaanza kuulizana turubai la msiba liko kwa nani. Na bundi na godoro wapi na wapi? Bundi analala lini?

— Mchana.

— Mchana wote?

— Mchana wote.

— Basi hilo godoro litakuwa zuri.


3.

Jina langu ni Nkwabi. Nalitaja mapema, maana huko mbele utalisikia kwa nadra.

Mimi ndiye niliyekuwa ndani. Vazi ni la sponji na manyoya ya nailoni, na kichwa chake kinakaa mpaka mabegani. Yale macho makubwa ya njano ni pambo tu, hayaoni kitu. Mimi naona kupitia mdomo. Sheria ya kazi ni moja, na mdhamini aliisisitiza mpaka ikawa kero: Bundi hasemi. Akicheza, hasemi. Akisalimiwa, hasemi. Akikanyagwa kidole, anaruka juu, watu wanacheka, na hasemi.

Wiki ya kwanza nilibeba kile kichwa mpaka kijijini, nikamwonyeshe mama. Mama haoni vizuri siku hizi, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, kwa hiyo mtu anamjua kwa sauti na kitu anakijua kwa mikono. Alikipakata kile kichwa, akakipapasa taratibu kuanzia masikio hadi mdomo, kisha akaingiza mkono ndani.

"Pamekwaruza hapa," akasema. "Patakuchubua."

Akajifungua kitenge chake cha njano chenye tausi, kile alichokuwa nacho tangu mimi mdogo, akakitandika ndani kwa mikono yake. Kilinuka moshi na samli. Milembe, dada yangu, akamlaumu kwa kuharibu kitenge kizima. Mama akacheka.

"Kisimchubue," akasema.

Kwa hiyo ujue. Ndani ya Bundi mlikuwa na kitenge cha mama, na ndani ya kitenge nilikuwa mimi.


4.

KUTOKA TAARIFA YA KAMISHNA WA MCHEZO

Mchezo ulianza kwa wakati. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Kipindi cha pili kipa wa timu mgeni alikataa kukaa golini baada ya nembo hai ya timu mwenyeji kupita nyuma ya nyavu na kusimama. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba hajisikii. Alipoulizwa hajisikii nini, hakujibu. Wenyeji walishinda.

Nembo hai haikuvunja kanuni yoyote. Ilisimama tu.


5.

Kila klabu ina kamati ya ufundi. Haimo kwenye katiba, na wajumbe wake hawajui hata kuotea ni nini. Ndio wanaoamua timu ipite mlangoni au iruke ukuta, ivalie chumbani au ivalie ndani ya basi. Usiniulize ni ufundi gani. Unajua.

Ya kwetu iliongozwa na Mzee Luhende, mpole, mwenye kikohozi. Siku moja alinishika bega.

"Kijana wangu, wageni wamefikia ile gesti ya stendi. Nenda kakae juu ya ukuta."

"Nifanye nini, mzee?"

"Ukae. Bundi anafanyaga nini?"

Nilikaa mchana kweupe, jua la utosi, nimeelekea dirisha la kipa wao. Alifungua pazia. Akafunga. Hakulifungua tena.

Wiki iliyofuata bibi yake yule kipa alifariki. Alikuwa kikongwe, mgonjwa wa siku nyingi, lakini hilo hakuna aliyetaka kulisikia.


6.

Bundiii!

                    HANA BAYA!

Bundiii!

                    HANA BAYA!

(na huku, chinichini, akina mama wakiingiza watoto ndani)


7.

Tukaanza kushinda kila mechi. Na mimi nikaanza kukosa watu.

Kinyozi wangu akawa kila nikija ana wateja. Mama lishe akawa ananiwekea chakula mezani na kuondoka kabla sijakaa. Nikaenda kwenye msiba wa jirani, nikiwa na suruali yangu na shati langu, uso wangu huu. Wakaniomba kwa heshima zote niondoke.

Halafu ile picha.

Ilitoka gazetini. Inamwonyesha Bundi katikati ya mashabiki, mbawa juu, na nyuma yake ubao wa matokeo unasomeka vizuri: bao letu la ushindi. Nililikumbuka bao lile. Wakati linafungwa nilikuwa nyuma ya jukwaa nakunywa maji, kichwa cha Bundi kikiwa mapajani mwangu.

Nikampelekea Mwenyekiti Machibya. Akalitazama gazeti, akanitazama mimi.

"Umetoka vizuri," akasema.


8.

— Haloo. Shikamoo, dada Milembe.

— Marahaba. Nkwabi, mama amezidiwa. Hali chakula tena, anakutaja wewe tu.

— Nakuja.

— Usije.

— Dada?

— Majirani wamekaa kikao. Baba mdogo naye amesema bundi asikanyage kiwanja hiki mgonjwa akiwa ndani.

— Mimi ni Nkwabi, dada.

— Mimi najua wewe ni Nkwabi. Wewe unajua?

— Mama anataka nini?

— Anasikia baridi. Anataka akushike, na anataka kitenge chake cha tausi. Basi.

— Basi nakuja.

— Njoo wewe tu. Umenisikia? Wewe tu.


9.

YAH: OMBI LA RUHUSA

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Uongozi umepokea ombi lako na unakupa pole kwa kuuguza. Hata hivyo, mechi ya Jumapili ndiyo itakayoamua kama klabu inapanda Ligi Kuu. Ombi lako halijakubaliwa.

Unakumbushwa kuwa Bundi hana mama.


10.

Nisome tena sentensi ile ya mwisho? Nimeisoma vya kutosha.

Jumapili asubuhi nililiweka vazi stoo, mwili chini, kichwa juu yake. Nikafunga mlango kwa kufuli, nikautikisa, nikatia ufunguo mfukoni. Nikadandia lori la pumba linaloelekea kwetu.

Nilikuwa naogopa, na nasema wazi nilichokuwa nakiogopa. Sikutaka mama afe bila kunishika. Na sikutaka afe kwa sababu nimefika.


11.

Milembe alinipokea nje. Aliutazama mgongo wangu kwanza, kisha njia nyuma yangu, ndipo akanitazama usoni. Akanipisha.

Mama alikuwa mdogo sana kitandani. Nikapiga goti, nikamshika mkono, nikamsalimu.

"Sema tena," akasema.

Nikarudia.

"Sauti yako imekaa mbali." Akaukamata mkono wangu hata hivyo, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilihisi joto la mtu. Nusura nilie. "Na kitenge?"

Ndipo nikakumbuka. Kitenge kilibaki palepale alipokitandika yeye.

"Nimekisahau, mama."

"Si neno," akasema, akitetemeka. "Utaniletea."

Dirishani, redio ya Milembe ilikuwa imewashwa kwa sauti ya chini.


11.

"…naam, msikilizaji, Mwabaga hapatoshi leo, watu wamepanda mpaka kwenye nguzo za taa, timu zimeshaingia, waamuzi wameshaingia, na huyo, huyo, huyooo anaingia Bundi wa Chapakazi! Anatembea polepole. Leo hachezi, msikilizaji. Leo anatembea tu. Ameshika kitu mkononi, ni kama, hebu nitazame vizuri, ni nguo, ni kitenge, kitenge cha njano chenye…"


12.

Wewe unayesoma, najua utasema nini. Utasema klabu ilivunja kufuli ikamvalisha mtu mwingine. Na mimi nilisema hivyohivyo. Nikatoka nje, nikampigia Mwenyekiti.

— Mwenyekiti, ni nani huyo mliyemvalisha?

— Nani mwenzangu?

— Nkwabi.

— Nkwabi, acha mzaha. Unanipigiaje simu wakati nakuona hapa mbele yangu?

— Mimi niko kwa mama. Ufunguo ninao mimi. Nenda stoo.

Nikasikia akitembea. Nikasikia kelele za uwanja zikipungua, kisha mlango ukitikiswa.

— Kufuli iko vilevile.

— Chungulia dirishani. Vazi limo?

— 

— Mwenyekiti?

— Halimo. Mwambie arudi uwanjani, Nkwabi. Tafadhali. Mechi ndiyo inaanza, na yeye anatoka geti kubwa.


13.

Mwenye mashine ya kusaga, barabara kuu: "Kapita hapa sasa hivi. Mashine ikazima yenyewe."

Dereva wa bodaboda: "Nilimwambia panda, mzee, nikusogeze. Akatikisa kichwa. Nimemwacha nyuma yangu. Nilipofika darajani nikamkuta mbele."

Mama mmoja kisimani: "Tulikaa chini wote. Hakututazama. Alikuwa amekikumbatia kile kitenge utadhani ni mtoto."

Redio: "…klabu inamwomba yeyote atakayemwona Bundi njiani asimsimamishe. Narudia. Asimsimamishe."


14.

sisemi

nimebeba tu

              kinanuka moshi, kinanuka samli

wote wamenirushia

        mawe

               kelele

                         jina

mmoja tu alinipakata

        akasema kisimchubue

hakusema nani


15.

Kuku waliingia bandani na jua bado liko juu. Mbwa wa baba mdogo akajikunyata chini ya kitanda, hakubweka. Njia ile, kwa lori, ilinichukua asubuhi nzima, na mpira bado ulikuwa unaendelea redioni.

Milembe akafunga mlango, akauegemeza mchi. Alinitazama kwa chuki, halafu kwa huruma, nadhani vyote alivihisi kwa pamoja.

"Nilikwambia uje wewe tu."

"Nimekuja mimi tu."

"Asiingie, Nkwabi. Akiingia tunamzika mama kesho."

"Haingii," nikasema. Nikarudi kitandani, nikamshika mama mkono kwa mikono yangu yote miwili. Nilipanga kutoubandua mpaka liende lililoko nje. Nilikuwa tayari kugombana nalo, kama lina mahali pa kushikwa.

Uani, nyayo. Laini, pana, za sponji.

Zikasimama.

Hodi.

Milembe akaziba mdomo kwa khanga.

"Ng'wadila, mayu," ikasema ile sauti, salamu yetu ya alasiri, na ilikuwa sauti yangu. Si ya kufanana. Yangu, ile ya zamani, kabla sijaizoea kazi. "Nimekuletea kitenge."

Mama akafumbua macho yasiyoona. Akatabasamu. Tangu nifike hakuwa ametabasamu.

"Milembe," akasema, "mfungulie mwanangu. Amechoka."

"Mama, niko hapa," nikasema. Au nilidhani nimesema. Nikamminya mkono.

Akaupapasa mkono wangu, kidole kimoja baada ya kingine, kisha kiganja, akapanda taratibu mpaka kwenye kifundo, halafu akarudi chini na kupapasa tena. Akauachia kwa upole, juu ya shuka.

"Na wewe mwenzetu," akaniuliza, kwa adabu ile anayowapa wageni, "wewe ni nani?"

Nikafungua mdomo.


16.