Kibinti Ndani ya Jicho

Fundi wa macho ya bandia alikuwa na mdomo usiotulia, na mama alishukuru, maana mwanawe hakusema neno. Binti huyo wa miaka mitano alikaa karibu na mlango, amewapa mgongo. Tangu mama yake aondolewe jicho la kushoto, miezi mitatu iliyopita, hakumkaribia tena. Chakula alilishwa na shangazi, usingizi aliupata kwa shangazi. Mama alikuwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe, na hilo lilimkata maini kuliko kisu cha hospitali.

"Tulia, dada. Ukipepesa nitakupa jicho la mbuzi."

Fundi alikaa naye uso kwa uso, upana wa kiganja kimoja tu katikati yao. Alilitazama jicho zima, akalinakili kwa brashi nyembamba kwenye kipande cheupe cha jicho bandia alichokuwa amekipima kwenye tundu la jicho lililotolewa. Kopo lake la rangi nyeusi lilibandikwa karatasi yenye neno *pupilla*.

"Ndiyo nini hiyo?" mama aliuliza bila kusogeza kichwa.

"Kilatini hicho, maana yake mboni. Lakini asili yake ni kibinti, au mwanasesere mdogo. Watu wa kale walichungulia macho ya wenzao wakajiona humo, wadogo hivi. Mimi sasa hivi namwona mzee mwenye kipara. Mbaya huyo, sijapata kuona!"

"Mwongo," ilisema sauti ya mlangoni.

"Mwenye macho haambiwi tazama."

Fundi aliweka brashi chini akampisha. Mtoto alikuja polepole, akasimama, akasogea tena, mwishowe akampanda mama yake mapajani. Akamshika mashavu kwa mikono miwili na kuchungulia jicho la kulia kwa muda mrefu.

"Nipo," alinong'ona. Kisha akanywea. "Na lile walilolitoa? Nilikuwemo?"



"Ulikuwemo," mama alisema. "Ulipowasikia wanakuja, ukaruka ukahamia huku."

"Mbio?"

"Mbio sana. Hata kandambili ukaziacha."

Mtoto alifikiri, akaona kweli hiyo ni tabia yake. Akasogeza uso tena, pua kwa pua, ajitazame vizuri alipohamia.

"Mama, usilie," akasema. "Unanilowesha."