Mahali Pangu Katika Shairi la Kornelia

Mara ya kwanza nilipomwona Dionis ukutani, mkubwa kuliko mlango, mkono wake uko begani mwa mke wangu, nilikuwa nimekaa benchi la mbele kabisa, mahali pa waalikwa.

Ilikuwa siku ya majaribio. Mwalimu Belinda, mtu wa Songea aliyeletwa kwetu Mogitu mkoa wa Manyara ukiwa bado mpya, alikuwa akifundisha darasa la jioni la akina mama. Aliwataka kila mmoja atunge shairi la kujieleza yeye ni nani, linaloanza na maneno "Mimi ni". Shairi moja lingechaguliwa, lipewe picha na sauti kwenye kompyuta, kisha lirushwe ukutani kwa projekta kule Katesh, Juma la Elimu ya Watu Wazima, mbele ya wakubwa wa wilaya. Lililochaguliwa ni la mke wangu, Kornelia.

Katika nyumba yetu elimu ilianzia kwangu, na hilo linajulikana. Nilisoma ngumbaru wakati wa vijiji vya Ujamaa, chini ya karabai, mikono ikiwa na malengelenge ya jembe, na tangu hapo sijaacha kusoma chochote kilichochapishwa, hata gazeti lililofungiwa sukari. Kornelia nilimfundisha irabu mimi mwenyewe, kwa mkaa, juu ya mlango wa zizi. Mambo ya mashairi yalipotangazwa nilimpelekea mwalimu la kwangu, juu ya ukoo wetu, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawasawa. Alilisoma lote amesimama, akasema ni zuri sana, ila darasa ni la akina mama. La Kornelia halikuwa na kina hata kimoja. Wala hakuliandika. Alilisema kwa mdomo pale uani kwetu, asubuhi moja nikiwa shambani, mwalimu akalichukua kwa kinasa sauti.

Siku hiyo ya majaribio Kornelia hakuwepo. Binti yetu Scolastica alikuwa amejifungua kule Nangwa, na mama yake amekwenda kumtunza. Nilikwenda peke yangu, nimevaa koti.

Mwalimu alifunga madirisha kwa mablanketi. Ukuta ukawaka, sauti ya mke wangu ikatoka kwenye spika:

"Mimi ni binti niliyezaliwa ng'ombe wakirudi kutoka Balangida.
Mimi ni gauni la ngozi la mama yangu, lililolainishwa kwa siagi.
Mimi ni malisho yaliyogeuka ngano."

Kila mstari ulikuja na picha yake: ng'ombe kando ya ziwa na chumvi yake nyeupe, gauni limetundikwa kwenye kigingi, mashamba ya ngano mpaka macho yanachoka. Nilianza kujisikia vizuri. Nilijua zamu yetu inakaribia. Ndipo ikaja picha ya kipaimara. Kornelia ni msichana, ana kitambaa cheupe kichwani, na kando yake amesimama Dionis, kijana, amenyoosha kifua, mkono wake uko pale nilipokwisha kusema. Sauti ikasema:

"Niliondoka kwa baba yangu asubuhi. Hapo ndipo nilipo."

Hapo! Na Dionis bado yuko ukutani anatabasamu. Baada yake likaja jembe, wakaja watoto, yakaja mahindi, likaja kaburi la mtoto wetu wa pili chini ya mgunga, na mwisho mikono ya Kornelia ikiandika jina lake. Mimi sikuwemo. Hapakuwa na jina langu, wala kofia yangu, wala paa la bati nililoezeka kabla jirani yeyote hajafikiria bati.

Dionis naye alikuwa amealikwa, kwa sababu ile picha ilitoka kwake. Huyu ni mtu ambaye tangu biashara ziachiwe huru amenunua na kuuza ng'ombe kila mnada, simu yake anaivaa kiunoni kwenye mfuko wa ngozi ili watu waione. Zamani ilisemekana angemwoa Kornelia. Wazee walikataa, nikaoa mimi.

"Mzee mwenzangu," aliniambia tulipotoka, watu wakisikia, "mimi ukuta umenitosha kwa shida. Wewe sikukuona. Au ulikuwa nyuma ya wale ng'ombe?"

Nilimjibu kwamba ukuta wenyewe umepakwa chokaa vibaya. Walicheka, lakini hawakumcheka yeye.

Siku zilizofuata sikufanya kazi ya maana. Nilipalilia mstari mmoja wa maharage mara mbili. Nikishika jembe namwona Dionis, nikifungua mlango wa zizi namwona Dionis. Nilijiuliza mwanamke anawezaje kukaa na mtu tangu nywele nyeusi mpaka nywele nyeupe, kisha akaulizwa yeye ni nani, akataja ziwa, akataja siagi, akataja ngano ya watu wengine. Wakubwa wa wilaya wangekaa pale Katesh na kuondoka wakijua kwamba Kornelia wa Mogitu aliondoka kwa baba yake akaenda kwa Dionis.

Nikapanda baiskeli mpaka Nangwa kumwona mjukuu. Mjukuu nilimwona, ni mzuri, ana masikio yetu. Kisha nikamfuata Kornelia jikoni alipokuwa anakoroga uji wa mzazi.

"Mama Scolastica, katika lile shairi lako mimi niko wapi?"

"Umo," akasema.

"Nimesikiliza mwanzo mpaka mwisho."

"Basi sikiliza tena, Baba Scolastica. Mimi nilikuweka."

Kutoka chumbani Scolastica akacheka na kusema baba anataka picha yake itoke. Sikumjibu mtu aliyelala kitandani na mtoto. Nilimuuliza Kornelia habari ya ile picha ya kipaimara. Hakuacha kukoroga. Alisema hana picha nyingine ya usichana wake, ni hiyo moja tu, padri aliwapiga wakiwa pamoja. "Ukimkata Dionis utanikata na bega," akasema. Na nilipotaka aniambie wazi aliniweka wapi, alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo muulizaji hakupaswa kuuliza, akaenda na bakuli chumbani.

Niliona ananikejeli. Nikarudi, nikachukua picha yangu niliyopigwa studio ya Babati nilipokwenda semina ya wakulima, nimevaa tai, nikaenda nyumbani kwa Mwalimu Belinda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kwa mambo mawili."

Nilimweleza. La kwanza, Dionis atoke. La pili, mimi niingie, na picha ni hii hapa. Mwalimu alinipa kiti na chai. Alisema kumtoa Dionis bila idhini ya mama hawezi, shairi ni la mama. Lakini hakutaka nifikiri kwamba yeye ndiye aliyeniacha. Angenisikilizisha maneno yote kama mama alivyoyasema siku ile, kabla hajayasafisha. Akaomba radhi mapema kwamba sauti ni chafu: kuna kukohoa, kuna jogoo, kuna mahali mama alisahau maneno.

Nikasikiliza. Balangida ikapita, gauni likapita, ngano ikapita.

"Niliondoka kwa baba yangu asubuhi, nikafika kwa..."

Kimya. Jogoo akawika. Kornelia anavuta pumzi. Jogoo tena. Kimya kinaendelea.

"Hapo ndipo nilipo."

"Hapo ndipo aliposahau," mwalimu akasema. "Alikwama muda mrefu mpaka nikamwonea huruma. Kwa hiyo nilikata yale maneno yaliyobaki hewani na kile kimya, nikaunganisha."

"Hakusahau," nikasema.

Kwetu Wabarabaig, mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wake. Si kwa hasira, si kwa mchezo, si akiwa peke yake. Boma letu linajulikana kwa jina la baba yangu. Kila mtu Mogitu anasema kwa Gidamis, hata kondakta wa basi anasema kwa Gidamis. Kornelia hajawahi kusema hivyo tangu siku alipoingia. Alipopeleka watoto kliniki, wauguzi waliotoka mikoa mingine walimuuliza jina la tatu la mtoto, yaani la babu, naye akanyamaza, wakamwona mjinga asiyejua majina ya wanawe, mpaka mwanamke mwingine kwenye foleni alipomsaidia kulitaja. Katika maneno ya kila siku wanawake wetu huzunguka, husema pale kwa mzee, pale nyumbani. Lakini jambo likiwa zito hawazunguki. Wanafika mahali pa jina, wanainamisha macho, wanapaachia nafasi yake, kisha wanaendelea.

Kwa hiyo boma letu lilikuwemo katika shairi, pamoja na paa, na zizi, na mimi ndani yake. Mwalimu alikuwa amelifagia lote. Na mimi niliyezaliwa katika boma hilo sikuwa nimewaza hata kidogo, kwa sababu tangu siku ile kichwa changu kilikuwa kimejaa Dionis.

Nilipomweleza, Mwalimu Belinda aliweka mkono mdomoni. Alisema kwao Songea mtu angeutaja ukoo mzima na kuongeza wa jirani. Akafungua kompyuta papo hapo na kurudisha kimya mahali pake.

"Sasa hapa tuweke picha gani, mzee? Muda ni mrefu, ukuta hauwezi kukaa bure. Niweke hii yako?"

Nilikuwa nimeishika mkononi. Nilikuja kwa ajili hiyo hiyo, na sasa nilikuwa napewa bila kuomba mara ya pili. Nilijiona ukutani na tai yangu, mkubwa kuliko Dionis, maana picha ya studio ni safi zaidi. Lakini wanawake wetu wangeingia ukumbini wakaniona nimejibandika pale ambapo mke wangu ameinamisha macho, wangesema Bonaventura hana adabu kwa baba yake. Na wangesema kweli.

"Usiweke kitu," nikamwambia. "Weka giza. Paa la bati uliweke baadaye, anaposema hapo ndipo nilipo."

Nikairudisha picha mfukoni. Iliniuma.

Siku ya Katesh ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Kornelia alikaa na wanafunzi wenzake, kitenge kipya, uso umetulia. Dionis alikaa nyuma yangu. Picha yake ilipotokea alikohoa kwa nguvu ili watu wageuke, nao wakageuka, wengine wakampigia makofi. Nilitazama mbele.

"Niliondoka kwa baba yangu asubuhi, nikafika kwa..."

Ukuta ukawa mweusi.

Patriki, aliyekuwa na kazi ya jenereta, alitoka mbio akigonga viti. Vijana wakapiga miluzi. Mgeni mmoja katika meza kuu alisema kwa sauti kwamba hivi vyombo vya siku hizi si vya kutegemea. Lakini bibi zetu wa Mogitu, na wengine nisiowajua waliovaa bangili za shaba, walikuwa wameinamisha vichwa, wote, bila kuambizana. Miluzi ikapungua yenyewe. Watu wakatazamana.

"Hapo ndipo nilipo," Kornelia akasema ukutani, na paa letu likawaka.

Walipiga makofi mengi, na meza kuu nayo ikapiga, ingawa nadhani kwa ajili ya umeme kurudi. Nje Dionis alinikuta nikifungua baiskeli.

"Kumbe ulikuwa gizani," akasema.

"Nilikuwa kwetu," nikamwambia. Akaenda zake, na mimi nilitegemea nitafurahi.

Furaha yenyewe haikudumu. Tulirudi kwa miguu, mimi nikisukuma baiskeli, Kornelia kando yangu, na kabla hatujafika njia panda wazo baya lilikuwa limeniingia. Kile kimya ni cha nani? Ni cha jina la baba yangu. Hata kama angeolewa na ndugu yangu Herman, angefika mahali pale pale akanyamaza vile vile. Nilikuwa nimemtoa Dionis moyoni, na sasa baba yangu mzazi, aliyekwisha kufa, Mungu amrehemu, ndiye aliyekalia nafasi yangu. Nilimwonea wivu. Nilijaribu kuwaza mambo ya mbolea nikashindwa.

"Mama Scolastica."

"Naam."

"Kile kimya ni cha mzee, au ni changu?"

Aliendelea kutembea. 

"Cha mzee ni pumzi moja," akasema. "Muulize mwanamke yeyote wa kwetu. Ukikaa zaidi ya hapo unakaa kwa hiari yako."

"Wewe ulikaa ngapi?"

"Wewe ndiye msomi. Nenda ukahesabu."

Akanipita, akaenda kuwahi ndama kabla ng'ombe hawajarudi.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu Belinda, nikamwomba aniwekee tena, ile chafu, yenye jogoo. Aliniwekea bila kuuliza. Ilipokaribia pale anapoondoka kwa baba yake nilimwomba aisimamishe kidogo, halafu nikamwomba, kwa heshima zote, atoke nje. Nyumba ni yake, kompyuta ni yake, lakini sikutaka mtu mwingine asikie nikihesabu pumzi.